Asetoni Ilipata Hamsini na Sita

Asetoni ilifeli mwezi wa kwanza, ikafeli mwezi wa pili, na wa tatu ulipoingia hapakuwa na mtu aliyetazamia kwamba ingefaulu. Ilipata hamsini na sita, kama kawaida yake. Spiriti ilipata sabini na nane, ikakosa alama mbili tu kufikia pasi. Iliyomtoa kimasomaso Mama Matone ilikuwa zailini, kwani hiyo ilipata mia moja na arobaini, ikatunukiwa cheti.

Cheti chenyewe kilikuwa na muhuri mwekundu na maua ya rangi ya dhahabu pembeni. Kiliandikwa kwamba Ndugu Zailini, wa Chumba cha Kukenekea, amevuka lengo kwa bidii na nidhamu. Mama Matone alikipokea kwa mikono miwili, maana ndivyo alivyolelewa, akakitundika kwenye msumari juu ya sinki. Kisha akakaa kwenye kiti chake cha chuma na kujiuliza kama yeye ndiye aliyekuwa akipungukiwa akili au ni dunia.

Alikuwa na miaka hamsini na minane, na thelathini na moja kati ya hiyo alikuwa ameimaliza ndani ya hospitali ile. Aliajiriwa kudeki. Siku moja fundi mzee aliyekuwa akikeneka spiriti, yaani kuichemsha na kuupoza mvuke wake ili ipatikane safi, mwishoni mwa ukumbi wa maabara alimwomba amshikie chupa, kesho yake akamwomba tena, na mwisho wa mwaka akawa anamwachia chumba kizima akaenda kunywa chai. Fundi alipostaafu, utawala ulisahau kuajiri mwingine. Mama Matone aliendelea kudeki asubuhi na kukeneka mchana kwa miaka minne, mpaka mtu fulani ofisini akaona jina lake limeandikwa mahali pawili, akampa barua ya mstari mmoja iliyomfanya Msaidizi wa Ukenekaji. Ufagio haukumwacha, lakini tangu hapo aliushika kwa heshima zaidi.

Kazi yake ilikuwa hivi. Maabara ilipima vipande vya nyama vilivyokatwa katika miili ya wagonjwa, ili daktari aviangalie kwa darubini na kusema kama uvimbe ni wa kawaida au ni wa hatari. Kipande hakikatiki vizuri kikiwa na maji. Kwa hiyo hulowekwa kwanza katika spiriti, ambayo huyanyonya maji yote, kisha katika zailini, inayoiondoa spiriti na kuiachia nta nafasi, kisha katika nta iliyoyeyushwa, ndipo kikatwe kuwa chembamba kama ganda la kitunguu. Baada ya siku chache spiriti inakuwa chafu na imejaa maji iliyoyanyonya. Hospitali nyingine huimwaga. Hospitali hii ilikuwa na Mama Matone.

Aliimimina katika chupa ya mviringo iliyokaa juu ya jiko la umeme, akaichemsha. Mvuke ulipanda shingoni mwa chupa, ukapita penye kipimajoto, ukateremka ndani ya bomba la kioo lililopozwa kwa maji ya mfereji, na mwisho wa bomba ukadondoka tone baada ya tone katika chupa safi. Hapo ndipo jina lake lilipotoka. Zailini iliyotumika, na asetoni ya kuoshea vioo, alizikeneka vivyo hivyo. Ustadi wote ulikuwa kujua pa kukomea. Spiriti ikiwa inatoka, kipimajoto hukaa kwenye nyuzi sabini na nane kama kimepigiliwa misumari, hata kwa muda wa saa tatu. Ikianza kwisha, kipimajoto hujitikisa kidogo, kikapanda: sabini na tisa, themanini. Maana yake maji nayo yameanza kupanda. Hapo Mama Matone alizima jiko. Alikuwa na uwezo wa kuzungumza na mtu huku amekipa kipimajoto kisogo, akanyamaza katikati ya neno na kugeuka kuzima, kwa sababu matone yalikuwa yamebadilisha mlio.

Ndipo akaja Afisa Ubora.

Alikuwa kijana nadhifu, tai yake haikuwahi kupinda, na alikuwa ametoka semina akiwa amejawa na imani. Imani yake ilikuwa kwamba kila mfanyakazi ana namba ndani yake, na kazi ya uongozi ni kuitoa nje. Alikuwa na Fomu ya Tathmini, yenye safu ya Lengo, safu ya Kilichofikiwa na safu ya Maoni. Mlinzi wa geti alipimwa kwa idadi ya saluti, akawa anawapigia saluti hata wagonjwa waliolala kwenye machela. Dobi walipimwa kwa kilo za mashuka, wakaanza kuyapima kabla hayajakauka, na mwezi huohuo wakawa idara bora.

Alipofika kwa Mama Matone aliuliza anapima nini pale. Mama Matone, bila kujua anachojitafutia, alimwonyesha rejista yake: asetoni hamsini na sita, spiriti sabini na nane, zailini mia na arobaini, ukurasa baada ya ukurasa, mwandiko uleule. Kijana aliona namba, macho yakamng'aa.

"Kati ya ngapi?" akauliza.

Mama Matone hakulielewa swali. Afisa Ubora akajijibu mwenyewe, akatoa kalamu, na kwenye safu ya Lengo akaandika mia, mara tatu.

"Lakini mwanangu, kila kimoja kina mchemko wake."

"Mama yangu, hata mtoto wa shule anajua kitu kinachemka kikifika mia."

"Maji. Ni maji yanayochemka mia."

"Sasa hivi vingine vina udhuru gani?"

Mama Matone hakuwa mtu wa kukimbia swali. Binti yake mkubwa alipomaliza shule aliacha kitabu cha kemia nyumbani, na mama mtu alikisoma mara mbili, mara ya kwanza akitafuta kujua anachofanya na mara ya pili kwa raha tu. Akamshika kijana kiwiko, akampeleka dirishani. Ng'ambo ya uwanja kulikuwa na benchi refu la wagonjwa waliosubiri dawa, na karani aliyewaita kutoka dirisha la famasi.

Akamwambia atazame. Kimiminika ni benchi, na molekuli zake, zile chembe ndogo ndogo zinazokiunda, ni wale watu. Kuchemka ni kuinuka na kuondoka. Karani ni moto. Sasa tazama wale vijana wawili wanaoongea: wameinamiana, kila mmoja anavutwa na maneno ya mwenzake, lakini hawajashikana. Karani akinong'ona tu wanainuka. Hiyo ni asetoni. Yule bwana na mkewe wameshikana mkono mmoja, mwingine una bahasha. Karani atapaza sauti kidogo ndipo waachane. Hiyo ni spiriti. Yule mama na wanawe ni wadogo kuliko wote pale benchini, lakini hakuna mkono usioshika kitu: huyu kamshika yule, yule kashika gauni, wa mgongoni kashika shingo. Hao ni maji, na kuwatenganisha mpaka karani apige kelele.

"Na zailini?" Afisa Ubora akauliza, maana ile ndiyo aliyoipenda.

"Wale mabwana watatu wenye miili. Hawajuani, wala hawana habari na mikono. Ila wamebanana bega kwa bega, paja kwa paja, na mmoja akitaka kuinuka inabidi ajinasue kila mahali alipogusana na mwenzake. Kuvutana kwao ni kudogo kila pahali, lakini pahali penyewe ni pengi."

Kijana akasema wale vijana wawili wangehamasishwa, wangeweza kukaa zaidi.

Akaagiza moto uongezwe. Mama Matone akazungusha kitufe cha jiko mpaka mwisho. Spiriti ikafurukuta, matone yakawa mchirizi, na kipimajoto kikabaki sabini na nane. Alimweleza kwamba moto ukizidi wataondoka wengi kwa wakati mmoja, lakini hakuna anayehitaji kupigiwa kelele zaidi ya zile zinazotosha kumwachisha mwenzake. Afisa Ubora aliandika kwenye safu ya Maoni: *Jiko bovu. Mtumishi anatetea uzembe wa molekuli.*

Barua ilikuja mwishoni mwa mwezi wa pili. Ilisema pasi ni themanini, kwamba ziada ya zailini haiwezi kugawiwa vimiminika vingine, na kwamba iwapo robo ya mwaka itakwisha angalau viwili kati ya vitatu havijafaulu, chumba kitafungwa na Mama Matone atahamishiwa kwa dobi. Spiriti ingetoka bohari kuu. Bohari kuu walileta spiriti kama mvua inavyokuja, yaani walipoamua wao. Mara ya mwisho vipande vya wagonjwa vilikaa wiki sita vikisubiri, na wenye vipande hivyo walikaa wiki sita kwenye benchi lile.

Mkuu wa maabara, daktari mpole aliyependa darubini kuliko watu, alimwita pembeni. Alisema kwa sauti ya chini kwamba sabini na nane na themanini ni majirani, na kalamu inaweza kuteleza. Mama Matone alimwuliza kama na yeye, akiona uvimbe wa hatari kwenye darubini, huwa kalamu yake inateleza. Daktari alikohoa, akarudi kwenye darubini yake.

Nyumbani mumewe, fundi viatu, alikuwa amekaa barazani na soli ya kiatu magotini. Wao walikuwa wamezaa pacha mara moja tu, lakini tangu hapo mtaa mzima ulimwita Baba Pacha. Mama Matone alimsimulia yote huku akichambua mchele.

"Andika themanini, mke wangu," Baba Pacha alisema. "Nani atakwenda kuigusa kwa kidole?"

"Rejista yangu haijawahi kusema uongo."

"Basi iache ichemke mpaka ifike. Kitu kikikaa jikoni si kinazidi kupata moto?"

Alikuwa anasema tu, kama anavyosema mtu asiyekijua kitu. Mama Matone aliinua kichwa. "Itafika. Ila ikifika themanini, kinachotoka kimeshaingiwa na maji. Ikifika tisini na kitu, kimebaki maji yaliyonusa spiriti."

"Lakini namba itakuwa ya kweli?"

"Ya kweli kabisa."

"Si wanataka namba?" Baba Pacha akapiga msumari kwenye soli. "Wape namba."

Mama Matone aliendelea kuchambua mchele, lakini mawe aliyatupa ndani ya sufuria na mchele akaumwaga chini, na mumewe alijua kuwa mkewe amepata jambo.

Wiki ya mwisho ya robo ya mwaka ilikuja kamati: Mkurugenzi wa hospitali, Afisa Ubora, daktari wa maabara, na mwandishi wa vikao aliyebeba boksi la fomu kifuani. Chumba kilikuwa cha watu wawili, kwa hiyo walisimama kama njiti za kiberiti. Mama Matone aliwaamkia, akamfungulia Mkurugenzi dirisha na kumpa kiti chake cha chuma, akawaambia leo ataanza na spiriti, na leo atafuata maelekezo ya ofisi.

Alichemsha. Kipimajoto kilipanda, kikakaa sabini na nane, na chupa ya kwanza ikajaa taratibu. Afisa Ubora alitazama saa. Kisha matone yakabadilisha mlio. Mkono wa Mama Matone uliinuka wenyewe kwenda kwenye kitufe, kama ulivyofanya kwa miaka zaidi ya ishirini na tano, naye akaukamata kwa mkono wa pili akaurudisha mfukoni. Akaondoa chupa ya kwanza, akaweka ya pili.

Sabini na tisa. Themanini. Afisa Ubora akaanza kupiga makofi, na mwandishi wa vikao akalazimika kuweka boksi chini ili apige na yeye. Themanini na tano. Tisini. Kwenye tisini na nne Mama Matone alizima jiko na kuandika namba hiyo katika rejista, kwa mwandiko uleule.

"Umeona, mama?" Afisa Ubora alisema kwa upole wa mshindi. "Uwezo ulikuwepo siku zote."

Mama Matone alimshukuru. Kisha akaziweka chupa mbili mezani, akaandika namba ya kila moja kwa chaki: sabini na nane, tisini na nne. Akamwomba Mkurugenzi achague ipi iende maabara. Mkurugenzi, ambaye alikuwa na kikao kingine, alionyesha tisini na nne kwa kidevu.

"Sawa, baba. Ila kipande cha nyama kikitoka kwenye spiriti kinaingia kwenye zailini. Ngoja tuone kama wataelewana."

Akamimina kidogo ya sabini na nane katika glasi, akachota zailini kijiko kimoja, akakitia humo, akatikisa. Ilibaki angavu, mtu angesoma gazeti kupitia kwake. Akachota kijiko kingine, akakitia katika chupa ya tisini na nne. Chupa nzima ikageuka nyeupe kama maziwa.

Mkurugenzi aliuliza kama yale ni maziwa.

"Ni maji, baba. Zailini na maji haviivi chungu kimoja. Maji yameshikana yenyewe kwa yenyewe, hayampi mgeni nafasi ya kuingia. Ndiyo maana yana alama nyingi. Alama hizi hazisemi nani amefanya kazi. Zinasema nani hataki kumwachia mwenzake mkono." Aliwatazama wanakamati waliobanana mbele yake.

Daktari wa maabara, ambaye kwa muda wote huo alikuwa akisoma cheti kilicho juu ya sinki, alisafisha koo. Alisema, akiitazama ile chupa nyeupe, kwamba kipande cha mgonjwa kikipita katika kitu kama kile, nta haitaingia, kisu kitakichana, na yeye kwenye darubini ataona uji. Hataweza kusema uvimbe ni wa kawaida au ni wa hatari. Itabidi mgonjwa arudi akakatwe tena.

Mkurugenzi alisimama kutoka kwenye kiti. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Daktari," alisema polepole, "kipande cha mama mkwe wangu kiko kwenye spiriti ipi?"

"Kimeingia jana, bosi. Kinasubiri spiriti ya leo."

Ndani ya hospitali ile kulikuwa na mambo ambayo Mkurugenzi aliyamudu: upungufu wa vitanda, mgomo wa wauguzi, barua za wizara. Kumwambia mama mkwe arudi akakatwe tena hakukuwa miongoni mwake. Aliinyanyua chupa ya sabini na nane kwa mikono yake mwenyewe, akampa daktari, akamwambia aende nayo sasa hivi na asiangushe hata tone.

Afisa Ubora alisema anaelewa, lakini fomu ni fomu. Zilikuwa zimeshachapwa za miaka mitano, zimejaa bohari mpaka kwenye dari, na lengo haliwezi kubadilishwa bila kikao cha juu. Mwandishi wa vikao, ambaye tangu aajiriwe hakuna aliyewahi kumwuliza kitu, akafungua boksi lake, akatoa fomu moja, akaigeuza kwenye mwanga.

"Samahani," alisema. "Kwenye chapa safu ya lengo iko wazi. Hii mia imeandikwa kwa kalamu."

Kila mtu akasogea kuona. Ilikuwa kwa kalamu kweli, ya bluu. Afisa Ubora alifunika mfuko wake wa shati kwa kiganja.

"Basi kila kimoja kiandikiwe lengo lake," Mkurugenzi alisema. "Nani anayajua?"

Wote waligeuza vichwa upande mmoja. Mama Matone akapewa ile kalamu ya bluu, naye akaandika mbele ya asetoni hamsini na sita, mbele ya spiriti sabini na nane, mbele ya zailini mia na arobaini. Iliyomwagwa sinki ni ile nyeupe peke yake.

Chumba hakikufungwa. Mama mkwe alipata jibu lake ndani ya siku nne: uvimbe wa kawaida, hauna neno, na inasemekana hakumshukuru mkwewe, kwa kuwa alikuwa ameshawaaga ndugu wote. Katika taarifa ya robo ya mwaka Chumba cha Kukenekea kilionekana kimepanda kutoka kimoja kati ya vitatu hadi vitatu kati ya vitatu, jambo ambalo hata dobi hawakuwahi kulifikia. Aliyesimamia mageuzi hayo, yaani Afisa Ubora, alipandishwa cheo na kuitwa kwenye semina kubwa zaidi kwenda kueleza siri yake.

Kabla ya kusafiri alipita kwa Mama Matone. Alikuwa na haya kidogo. Alieleza kwamba kwa malengo mapya zailini haikuvuka lengo, imelifikia tu, na kwa hiyo utaratibu unataka cheti kirudishwe. Mama Matone alikifuta vumbi, akamkabidhi kwa mikono miwili. Msumari ulibaki mtupu juu ya sinki, na yeye akatundika hapo kipimajoto cha akiba, ambacho kwa miaka yote alikuwa akikiviringisha katika tambara kwa kukosa mahali.

Kijana hakuondoka. Alisimama dirishani akitazama benchi la ng'ambo. Karani alikuwa ameita jina, na vijana wawili waliokuwa wakipiga soga wakainuka mara moja, kila mmoja njia yake.

"Mama," alisema, "mwezi ujao hatuwezi kupandisha lengo la asetoni, hata alama mbili tatu?"

Mama Matone alikuwa amempa kisogo, anasikiliza matone.

"Nitawauliza wenyewe," alisema, akazima jiko.